Askari Boksi wa Nakawa

Enzi zetu mchezo haukuwa na tarehe ya kuisha. Nalisema hili kwa sababu wiki hii nyumbani kwangu kuna msiba wa paka. Mjukuu wangu Rehema, mwenye miaka tisa, aliwekewa na baba yake kwenye tableti programu inayofundisha watoto kuiamrisha kompyuta. Ni ya majaribio, siku kumi na nne bure, baada ya hapo ulipie. Ndani yake kuna paka wa katuni aliyevaa suruali. Mtoto anapanga amri moja chini ya nyingine, nenda hatua kumi, geuka kulia, ruka, rudia mara tatu, kisha anabonyeza, na paka anatenda vile vile alivyoagizwa. Jumanne siku zikaisha, paka akaganda mguu mmoja juu, na mtoto akalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Nilimwambia, mjukuu wangu, mchezo huo bibi yako ameucheza kabla baba yako hajazaliwa. Akanitazama kwa ile huruma wanayotutazama nayo tukisema kwamba sisi pia tuliwahi kukimbia. Basi wenzangu mliokulia Kampala miaka ya sabini, nisaidieni ushahidi.

Sisi tulikaa Nakawa. Ukoo wetu ni wa wale Waswahili walioingia Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakajenga msikiti, na kurudi wakasahau. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha watoto Kurani barazani kwetu. Ng'ambo ya ua wa michongoma zilikuwa kota za polisi, safu za vyumba vya mabati na kamba za nguo za kaki, na ndani yake watu wa kila kabila la kaskazini. Watoto wa kule walikuwa na lugha zao na mimi nilikuwa na yangu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, ila kilikuwa Kiswahili cha gwaride. Nikirudi nyumbani nikasema, "Mama, mimi nasikia njaa mubaya," Mama hakugeuka hata kutoka jikoni. "Zaina, hiyo lugha yako imevaa buti," alikuwa akisema. "Ivue mlangoni ndio uingie."

Mnakumbuka maisha yalivyokuwa. Chai ilinywewa na kipande cha sukari guru kilichofichwa chini ya ulimi, na aliyekimaliza kabla ya kikombe alijijua mwenyewe. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Penseli moja ilikatwa vipande vitatu, ndugu watatu mkaenda shule. Daftari likijaa lilifutwa kwa mpira wa kandambili mpaka karatasi ikawa na manyoya, mkaandika tena juu yake. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakianguka tuliwakimbiza hadi barabarani, tukawala na mchanga wao. Kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, tulicheza kwa mpira wa majani makavu ya ndizi, na aliyepigwa mgongoni alisikia mpaka kesho yake. Na juu ya yote hayo kulikuwa na neno la Baba kila tukitoka uani: "Mdomo ndani." Hakueleza kwa nini. Mtaani kulikuwa na nyumba ambazo baba mwenye nyumba alitoka asubuhi na hakurudi, na sisi watoto tulijua kutouliza.

Rafiki yangu wa kufa na kupona alikuwa Candiru, msichana wa rika langu kutoka kule kota. Baba yake alikuwa sajini wa kufundisha gwaride, mtu mfupi mwenye sauti iliyofika sokoni Nakawa bila kupanda gari. Kila asubuhi ya likizo tulikaa kwenye michongoma, mimi na Candiru, tukimtazama akiwazungusha makurutu. Mguu sawa! Kulia geuka! Mbele tembea! Kilichotufurahisha ni kwamba kurutu hakuruhusiwa kufikiri. Sajini akisema mbele tembea, basi ni kutembea mpaka aseme simama. Siku moja aliitwa ofisini katikati ya gwaride, na kikosi kizima kikatembea kikaingia kwenye shamba la mihogo la wake za polisi, kikakanyaga matuta mawili kabla hajarudi mbio. Wale kina mama walimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mchezo wetu ulizaliwa siku mjomba wangu alipotuletea boksi tupu la sabuni. Alikuwa na duka mjini, karibu na pale wanapopaita Kikuubo. Sabuni yenyewe tuliisikia tu, lakini boksi lilikuwa bado linanuka sabuni mpya, na wakati huo harufu ile ilikuwa adimu. Ukilivaa kichwani, giza linakufunika mpaka mabegani na unavuta pumzi kama uko kwa matajiri. Kila mtoto alilitaka. Candiru ndiye aliyeleta utaratibu. Alisema mwenye kuvaa boksi awe askari, na askari asiende bila amri.

Mchezo tukauita Askari Boksi. Timu ilikuwa na watu wawili, kamanda na askari. Kamanda anachora njia kichwani, anaandika amri zote kwenye karatasi, kisha anamsomea askari mara moja tu. Askari anazishika kwa moyo, anavaa boksi, anaondoka. Lazima afike pale palipopangwa, bomba la maji au mlingoti wa bendera, bila kuona chochote. Kilichoandikwa kinafuatwa, kisichoandikwa hakipo. Akishaondoka, kamanda akitamka neno moja tu, timu yake imeshindwa. Lakini wapinzani waliruhusiwa kupiga kelele watakavyo ili kumpoteza, "Simama! Kulia geuka! Nyoka huyo!" Askari mzuri hakusikia la mtu isipokuwa la kamanda wake.

Na askari mzuri kuliko wote alikuwa Candiru. Ungemsomea amri thelathini, angezirudia zote bila kuruka hata moja. Wapinzani wetu walikuwa Wasswa na pacha wake Kato, watoto wa fundi baiskeli. Wasswa alikuwa na kipaji chake, alijua kuiga sauti za wanajeshi mpaka mbwa wakajificha. Alimfuata Candiru akingurumia sikioni mwa boksi, "Wewe! Simama hapo! Kitambulisho!" Candiru hakupunguza hata hatua.

Sasa ile siku yenyewe. Tulikuwa tumefungana na akina Wasswa ushindi kwa ushindi, na mshindi angelala na boksi wiki nzima. Mimi kamanda nilitunga njia ndefu kuliko zote tulizowahi kutunga, kutoka mlangoni kwa Candiru, kuzunguka vyoo, kupita katikati ya kamba za nguo, mpaka bomba la maji. Karatasi yangu ilikuwa kipande cha mfuko wa saruji, upana wa kiganja. Niliandika herufi ndogo kama chawa, na bado nilipofika amri ya mwisho nafasi ilitosha maneno mawili tu: mbele tembea. Simama haikupata pa kukaa. Nikajisemea, bomba si lipo, atagonga bomba atasimama. Nikasoma nilichoandika. Candiru akarudia neno kwa neno, akavaa boksi, akaondoka.

Alikwenda kama maji. Vyoo akavizunguka, kamba akazipita akiwa ameinamisha boksi pale pale nilipoagiza. Nilikuwa naruka-ruka kwa furaha nikiwa nimejiziba mdomo. Akageuka kushoto, mbele tembea, bomba likawa mbele yake, na akalipita. Alilikosa kwa upana wa mkono. Akaendelea, mikono ikipanda na kushuka, kuelekea kwenye pengo la michongoma linalotokea barabara kuu.

Tulimfuata tukicheka. Nakiri hilo. Wasswa aliona ushindi wake, akawa anangoja tu nifungue mdomo, na mimi nilijiambia atagonga michongoma. Hakugonga. Alipenya penye pengo kana kwamba nilimwandikia. Tukapenya nyuma yake, na kicheko kikatukauka.

Mchana ule wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi. Gogo katikati ya lami, mawe, gari dogo limesimamishwa milango wazi, mzee mwenye gari amekaa chini majanini mikono kichwani. Wanajeshi walikuwa watano. Mmoja aligeuka, akaona boksi lenye miguu ya mtoto likija kwake kwa mwendo wa gwaride.

"Wewe! Simama!"

Candiru akaendelea.

"Simama, nasema!"

Akaendelea. Nilielewa wakati ule ule. Alidhani ni Wasswa.

Mwanajeshi aliinua bunduki. Niliwahi kumsikia Baba akimwambia Mama kwa sauti ya chini kwamba kwenye kizuizi hakuna mara ya tatu. Wasswa alikuwa amekaa chini, suruali imelowa, na simcheki, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua mdomo na sauti haitoki. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Candiru angemsikia, naye alikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama pale kama kisiki. Hatua tano. Sita. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisikia kitu kikali kikitoka kifuani mwangu, sauti ya baba yake kabisa:

"Askari Boksi! Simama!"

Candiru alipiga mguu chini, pwaa, akakauka. Na wallahi sisemi uongo, wanajeshi wawili waliokuwa wakizunguka lile gari nao walisimama, visigino pamoja, kabla hawajakumbuka kwamba wao si makurutu.

Yule mwenye bunduki akageuka polepole. "Nani natoa amuri hapa?"

Nilitoka kwenye majani. "Ni mimi, afande."

Alinitazama, mtoto wa miaka kumi, ushungi umepinda, peku. Akatumia mtutu kulisukuma boksi, likaanguka. Candiru alikuwa amefumba macho vile vile, jasho likimtiririka, kidevu juu.

"Mimi naita wewe simama mara mbili. Kwa nini wewe hapana simama?"

Candiru akafungua macho, akaona bunduki, akaona gogo. Lakini alikuwa mtoto wa sajini. "Wewe hapana kamanda yangu, afande," akasema.

Kisha yule mkubwa wao, aliyekaa juu ya gogo akila mhindi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka punje zikamtoka mdomoni, na wenzake wakaona ruhusa, wakacheka nao. Bunduki ikashuka. Mkubwa akaokota boksi, akasoma maandishi, na kicheko kikakatika.

"Hii ni boksi ya sabuni. Sabuni iko wapi?"

Hapo ndipo nilipotaka kufa kweli, maana mtu aliyeficha sabuni siku zile alikuwa na kesi. "Hakuna, afande," nikasema. "Tunanusa tu."

"Nanusa?"

"Ndiyo, afande. Ndani."

Alitutazama, akatazama boksi, akaingiza uso wake wote ndani. Tukasikia akivuta pumzi. Alipoutoa alikuwa na sura nyingine kabisa, sura ya mtu aliyekumbuka kwao. Akampa mwenzake, naye akanusa, likazunguka mpaka kwa wa tano. Halafu akasema boksi litabaki, na sisi tupotee. Candiru hakuondoka. Alikuwa bado mguu sawa, ananitazama, anangoja. Ikabidi niseme, mbele ya bunduki tano, kwa sauti iliyokwisha kupasuka, "Nyuma geuka. Mbele tembea." Mkubwa yule alipiga paja lake na kucheka tena.

Habari ilifika kota kabla yetu. Sajini alitupanga ukutani wote wanne, na mimi nilijua leo ni fimbo. Hakutupiga. Alinyoosha mkono akaomba karatasi. Akaisoma polepole kutoka juu mpaka chini, kidole kikishuka na amri, kikafika mwisho.

"Simama iko wapi?"

"Karatasi iliisha, Baba Candiru," nikasema.

Kidole chake kilibaki pale pale penye mwisho. "Karatasi naisha," akasema, "lakini mutoto yangu alikuwa bado natembea."

Nililia. Nalia hata sasa nikiiandika, na mnisamehe, nilikusudia haya yawe mambo ya kufurahisha. Na yalifurahisha, maana kesho yake Sajini alituita tena. Alikuwa amekusanya karatasi za zamu zilizokwisha tarehe, safi upande wa nyuma, amezikata vipande vidogo sawasawa na kuzishona kwa uzi wa viatu. Akasema kuanzia leo amri yoyote itatembezwa kwanza na askari wa karatasi. Kila ukurasa unachora mtu wa vijiti akipiga hatua moja. Ukimaliza unazipeperusha kwa kidole gumba uone anaishia wapi. Makurutu wenyewe, alisema, ingefaa wangeanzia hapo, na shamba la mihogo lingepona.

Wenzangu, siku Candiru alipomaliza ukurasa wa arobaini akazipeperusha, na yule mtu mdogo wa vijiti akatembea! Tulipiga kelele mpaka akina mama wakatoka na miiko. Alitembea, akageuka, akagonga bomba, akaanguka miguu juu. Tukagundua nilikosea hesabu ukurasa wa kumi na saba. Tukafuta, tukachora upya, akapita salama. Hatukujua kama duniani kuna kompyuta, na hapo tulikuwa tunasaka kosa kwenye amri za mtu wa kuchorwa. Kabla ya mwezi kwisha askari wetu alikuwa anaruka gogo, anapanda mti, anamkimbia mke wa sajini. Watoto walitoka mpaka upande wa pili wa soko kuja kumtazama, na Mama mwenyewe, aliyekuwa akidharau mambo ya kota, alimtazama mara tatu akisema anatafuta sindano yake.

Kabla siku hazijaisha, Rehema alikuwa akimtuma paka wake, paka anagonga ukuta, kunatoka mlio, puu, na maneno ya kumpongeza kwa kujaribu. Anabonyeza, anaanza upya. Mtoto wa leo hata akikosea anapigiwa makofi. Sisi tulioonywa kwa jicho tu tunashangaa. Lakini nikiwa mkweli namshukuru Mungu kwa ukuta ule wa kuchorwa. Namshukuru kwamba mjukuu wangu anajifunza kuandika simama mahali ambapo hakuna wa kuinua bunduki.

Vita ilipokaribia Kampala, kota zilianza kuhama. Lori lilikuja mchana, watu wa kule kwao wakapakia magodoro na kuku, na mimi nilikuwa nimetumwa Lubaga kwa shangazi. Niliporudi mlango wa Candiru ulikuwa wazi na chumba kimefagiliwa. Sijamwona tangu siku hiyo. Nimeuliza Arua, huko kwao kaskazini, nimeuliza kwa watu waliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka, na jina lake wanalo wanawake wengi sana kule.

Kuna neno moja sijamwambia mtu. Jioni ya siku ile ya kizuizi, tulipokuwa tumekaa peke yetu nyuma ya nyumba yao, nilimuuliza kwa hasira, kwani hukusikia lami chini ya miguu? Hukujua umetoka nje?

"Nilijua," akasema. "Miguu ilisikia. Na ile sauti, nilianza kuona hapana Wasswa."

"Basi kwa nini hukusimama?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Si wewe ulikuwa nyuma yangu?"

Nimeolewa, nimezaa watoto watano, nimesomesha darasani miaka thelathini. Watu wamenipenda, na wengine wameniheshimu kuliko ninavyostahili. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kufumba macho akatembea kuelekea kwenye bunduki kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake, na mpaka leo sijui nilifanya nini kuaminiwa hivyo.